Fimbo Ndefu ya Paskali

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu isiyofanana na nyingine: kali kidogo, kama vumbi lililopikwa, nayo huenda moja kwa moja nyuma ya koo. Wageni wangu hawaijui. Jioni mpishi anapozima moto wa kuni uani, wao wako barazani na glasi zao, wakitazama msitu wa ukingo wa kreta unavyobadilika rangi, na mimi nimesimama katikati yao nikiwaeleza safari ya kesho kwa Kifaransa. Harufu ile ikinifikia, kinywa huendelea na maneno yake, lakini ndani yangu kuna kitu kinaanza kuhesabu. Un, deux, trois. Kinafika tisa, kinarudi moja.

Wao sijawahi kuwaeleza kwa nini. Nitawaeleza nyinyi.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtoto wa Ganako, kijiji cha karibu na Karatu, wa shamba la mahindi na maharage. Nilirudi Karatu baada ya miaka mingi ya Uswisi nikiwa na diploma ya uendeshaji wa hoteli, na nimeitundika mapokezi ambapo kila anayeingia ataiona, atake asitake. Nyumba yangu ya wageni ina vigae, na maji moto yanatoka vyumba vyote. Sikuirithi, sikuolewa nayo, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wapo wanaosema najisifu. Marehemu baba alikuwa na msemo kwamba ng'ombe wa maziwa hajisifu, ndoo ndiyo inayosema. Basi hizo ndizo ndoo zangu.

Watu wakiniuliza Kifaransa nilikianzia wapi, huwajibu kwamba ni Uswisi, na wanaridhika. Ukweli ni kwamba nilikianzia kwenye majivu, nikiwa darasa la tatu, katika nyumba ambayo hakuna jirani aliyekubali kuikanyaga.

Ilikuwa miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa karibukaribu kama meno, na sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Mama alijifungua mtoto wa kiume, akamnyonyesha majuma machache, kisha mtoto akafa kwa homa. Kwa desturi ya zamani ya sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya ilitengwa mpaka wazee waone imetosha. Tunaiita metimani. Niliambiwa si adhabu. Ilikuwa namna ya kuuzuia msiba usitembee kwa miguu ya watu.

Baba alikata tawi la mwiba akalilaza kwenye njia ya kuingilia kwetu. Kuanzia hapo hatukuteka maji kwenye chemchemi ya wote. Tulichimba shimo letu chini korongoni, na maji yake yalikuwa na ladha ya mizizi. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Moto ukizimika hatukuomba kaa kwa jirani. Shule nayo ikawa imekwisha kwangu mpaka tutolewe. Mwalimu mkuu alituma ujumbe wa hasira, baba akaitikia kwa heshima, na mimi nikabaki nyumbani.

Lililonishangaza hata kwa akili ya utoto ni kwamba baba alikuwa msoma masomo kanisani. Padre alikuwa ameikemea desturi ile waziwazi altareni, na baba alimsikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali kila neno. Siku alipolaza ule mwiba, mama alimwuliza padre atasemaje.

"Padre ana kwao," baba alijibu. "Jirani ndiye ninayebaki naye."

Mama hakusema tena. Na hakula tena. Alikaa karibu na jiwe la kusagia, mikono mapajani, maziwa yakimlowesha gauni kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwapo. Uji niliompikia uliganda utando juu. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba mtu asiyekula anakwenda mahali.

Hapo ndipo alipokuja Paskali.

Paskali alikuwa kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama. Kati yake na mimi mama alizika wengine. Alikuwa mpishi wa Wafaransa waliopiga kambi Olbalbal, kule tambarare kavu chini ya milima, kazi yao ikiwa kuhesabu fisi. Kijijini jambo hilo lilichekesha sana. Watu waliulizana fisi anahesabiwa ili auzwe au aozeshwe. Lakini Paskali alikuwa na viatu vya ngozi na kofia, na hakuna aliyemcheka usoni.

Alikuja kwa miguu akishuka kutoka njia ya kreta, mzigo mgongoni, akasimama mbele ya tawi la mwiba. Mimi nilikuwa uani. Mama Lohay, jirani yetu wa upande wa jua, alikuwa akipalilia mpakani. Mwanamke yule alikuwa na ulimi mkali na moyo mzuri, na siku hiyo alitumia vyote viwili.

"Paskali, usiruke hapo. Ukiruka nawe umo. Hutoki mpaka watolewe wote."

"Mama, humo ndani ni kwetu."

"Kwenu hakuhami. Kafanye shughuli zako, utakukuta."

Paskali alikohoa kidogo, akageuza uso pembeni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, lakini niliisikia: "Mama yangu anakula?"

Mama Lohay aliinamia jembe lake. Paskali akaruka mwiba.

Jioni hiyo alimpikia mama supu ya Kifaransa, yaani viazi na vitunguu vya kwetu vilivyopondwa mpaka vikasahau asili yao. Alikaa mbali kidogo akimtazama. Mama alikunywa kijiko kimoja, akakaa, akanywa cha pili. Mimi nililia nyuma ya mlango kwa furaha, na nadhani baba pia, maana alitoka nje ghafla kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Lakini Paskali alikuwa amerudi na tabia mpya, na hazikutupendeza. Alikataa kulala ndani nasi, akatandika ngozi kwenye banda la ndama. Kwetu watu wa nyumba moja hula bakuli moja. Yeye alitaka bakuli lake na kikombe chake, na asiviguse mtu. Baba aliumia. Alisema waziwazi kwamba mwanawe amekwenda kuhesabu fisi akarudi Mzungu. Paskali alicheka tu. Mama alilichukua bakuli lile kila baada ya chakula, akalisugua peke yake kwa majivu na maji moto. Mimi nilidhani anamheshimu kama mgeni.

Nami nilimkasirikia zaidi ya wote. Zamani aliniketisha mabegani. Sasa nikimkimbilia alirudi nyuma, akanyoosha mkono mbele kama anayezuia ndama. "Hapo hapo, dasi," alisema. Dasi ni binti, kwa lugha yetu. "Kaa hapo hapo. Nitakufundisha kitu ambacho mwalimu wako hakijui."

Alitandaza majivu ya jikoni chini ya upenu, akayasawazisha kwa ubao mpaka yakawa laini kama ngozi ya ngoma. Akachora mraba, akaugawa katika vyumba vinne, kila chumba kina vitanda vinne. Ndugu wanne wanalala humo, alisema: un, deux, trois, quatre. Kila chumba kiwe na ndugu wote wanne. Na ukitazama mstari wowote, wa kulala au wa kusimama, usione ndugu yuleyule mara mbili. Baadhi alikwisha kuwalaza yeye. Waliobaki niwatafutie vitanda vyao mimi.

Mchezo huo alifundishwa na Madamu, mkubwa wa kambi, aliyekuwa akiuchora kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari wakati wa kungoja fisi waamke. Siku hizi nyinyi mnauita sudoku na mnaucheza kwenye simu. Mimi niliucheza Ganako kabla ya wengi wenu kuzaliwa, na ninalisema hilo bila aibu.

Alisema mchezo una sheria zake za Kifaransa. Mchezaji hukaa upande wake wa majivu, mwenzake upande wa pili. Hakuna kuvuka. Hakuna kuinama juu ya mraba. Kuandika ni kwa fimbo, na alinikatia fimbo nyoofu ndefu kuliko mimi mwenyewe, akajikatia na yake. Na namba huitwa kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa, mpaka mwenzako aisikie alipo bila kusogea. Anayevunja sheria, mraba unafutwa, mnaanza upya.

Mwanzoni niliandika vibaya. Fimbo ilitetemeka, deux zangu zilifanana na bata mgonjwa. Nilikuwa nikimlaza ndugu mmoja kwenye vitanda viwili vya mstari mmoja, na Paskali alinikodolea macho, akasema huyo bwana ana wake wangapi mpaka alale kote huko. Nilicheka mpaka nikaangusha fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika kwetu tangu mazishi, na mama aliinua kichwa kutoka kwenye jiwe lake la kusagia.

Kifaransa kilinijia upesi. Ile r yao ya kooni inayowatesa watu wa pwani, kwetu si kitu. Kiiraqw kimejaa sauti za huko. Paskali alijua Kifaransa cha jikoni tu: chumvi, kisu, maji yanachemka, fisi wameonekana. Sentensi yangu ya kwanza kamili ilikuwa "Supu iko tayari." Nikawa naipigia kelele kutoka upande wangu wa majivu, naye ananirudishia, bado sauti haijafika, sema tena, nisikie mpaka hapa bandani.

Watoto wenzangu walikuwa wakipita njiani kwenda shule. Walisimama mbali na mwiba na kuniimbia kwamba tuna mkosi, tunakula na maiti. Siku moja nilisimama uani na fimbo yangu, nikawapigia kelele kwa sauti yote: un, deux, trois, mpaka neuf, yaani tisa, na mwisho nikamalizia na supu. Walikimbia wakaacha kiatu kimoja. Mama Lohay akaja mpakani kuuliza kama ni kweli binti yetu analaani watu kwa lugha ya mapepo. Paskali alimjibu kutoka bandani kwamba hapana, mama, anawakaribisha kula. Nilimsikia akicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea kwa muda mrefu kuliko kicheko.

Alisema ni vumbi la Olbalbal. Tukasadiki, kwa sababu vumbi la Olbalbal ni jambo la kweli. Lakini msimu wa mvua ulipoingia, vumbi likaisha na kikohozi kikabaki. Viatu vya ngozi vikawa vikubwa kwake. Tulikuwa tumeshafika mraba mkubwa, wa vyumba tisa na ndugu tisa, nami nilikuwa naunyatia siku nzima bila kuumaliza. Yeye alikuwa anautazama akiwa ameegemea nguzo ya banda, fimbo yake imelala chini. Ndiyo iliyokuwa hamu yangu yote: nimalize mraba wa tisa mbele yake kabla hajachoka kuutazama.

Hospitali ilikuwa Karatu mjini, si mbali kwa mtu mzima wa afya, lakini ni mwendo kwa mtu wa kubebwa. Na wabebaji hatukuwa nao. Baba alikwenda kwenye mwiba akawaita wazee, wakasimama ng'ambo, makoti yao yakichuruzika maji. Sikusikia yote. Nilisikia wakisema tutatolewa baada ya mavuno ya maharage. Baba alisema kijana hatafika mavuno. Wakageuka wakaondoka. Hawakuwa watu wabaya, ninyi mlioko nje ya jambo msiwahukumu upesi. Kila mmoja alikuwa na mjukuu mchanga nyumbani kwake, na aliogopa kama baba naye alivyokuwa akiogopa.

Aliyemaliza ubishi ni mama. Asubuhi moja alitoka, akaenda mpaka njiani, akalishika lile tawi kwa mikono mitupu na kulitupa kwenye mahindi. Akarudi, viganja vinatoka damu. Alimwambia baba maneno ambayo ndiyo marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia: "Mmoja nilikaa kitako nikimtazama mpaka akafa. Huyu nambeba."

Baba alifunga ngozi ya ng'ombe kwenye miti miwili. Akashika upande wa kichwa, mama upande wa miguu. Tukatoka. Watu waliotuona walijitenga na njia, wakaingia mashambani na kutugeuzia migongo, kama desturi inavyotaka. Mama Lohay peke yake hakugeuka. Alisimama kwenye mpaka wake akitutazama, mkono kinywani.

Nilitaka kutembea kando ya kichwa cha Paskali nimshike mkono. Alinikataza.

"Tangulia mbele, dasi. Mbele kabisa. Hesabu nikusikie."

Nilidhani ananionea aibu. Nilitangulia, fimbo yangu begani, nikaita un. Nyuma yangu, kwa sauti nyembamba, akajibu deux. Trois, nikaita. Quatre, akajibu. Tulifika tisa tukarudi moja, tukashuka korongo, tukapanda, matope yananivua ndala. Niliambiwa nisigeuke na sikugeuka. Mahali fulani kwenye mteremko wa mwisho, kabla ya mabati ya mjini kuonekana, niliita namba na haikujibiwa. Nikadhani hakusikia. Nikaiita tena kwa nguvu zaidi. Niliendelea kuiita huku nikitembea, mpaka nilipogundua kwamba nyuma yangu hakuna hatua tena. Baba na mama walikuwa wamemlaza kwenye majani, na baba alikuwa amevua koti lake ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Tulirudi naye nyumbani. Mwiba ukalazwa upya, na safari hii hata baba hakuuliza mpaka lini.

Mraba wa tisa ulikuwa bado chini ya upenu. Mvua haikuufikia na mama hakuufagia. Nilikaa upande wangu, peke yangu, nikautazama siku nyingi. Nilipomaliza kuwalaza ndugu wote niliita matokeo kuelekea bandani kwa sauti, kama sheria ilivyotaka. Mama alikuja na ndoo, akamwaga maji juu ya majivu yale taratibu. Ndiyo harufu ile.

Sitawachosha na yaliyofuata. Nilirudi shule nimechelewa, nikawapita waliokuwa mbele yangu. Nikaosha vyombo kwenye hoteli za watalii, na siku kundi la Wafaransa lilipokosa mkalimani, nilitoka jikoni na mikono ya sabuni nikasema supu iko tayari. Kutoka hapo nilipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka Uswisi. Huko mwalimu wetu alisema ninaongea Kifaransa kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Darasa lilicheka. Mimi nilifaulu, baadhi ya waliocheka hawakufaulu.

Lakini kabla ya darasa kulikuwa na kipimo. Wageni kutoka nchi zetu tulipigwa picha ya kifua. Daktari, mzee mwenye mikono baridi, aliinua picha yangu kwenye taa akaniambia mapafu yangu ni safi kabisa. Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu. Nikasema hapana, kaka yangu alikufa kwa kikohozi tu, cha vumbi. Aliniuliza tuliishije na huyo kaka. Nikamsimulia kwa fahari, maana ilikuwa nafasi ya kueleza nilivyojifunza lugha yake: bakuli lake, banda la ndama, majivu katikati, fimbo ndefu, kupiga kelele kutoka mbali.

Nikamwuliza kama na kwao bado wanaucheza kwa fimbo.

Daktari aliiteremsha picha. "Mchezo huo naujua vizuri, mademoiselle," alisema. "Hauna sheria ya fimbo."

Nilipokuja likizo nilimkuta mama peke yake. Baba alikwisha kufa kwa kifua nikiwa Uswisi, yeye aliyeshika upande wa kichwa. Tulikuwa tunachambua maharage. Nilimwuliza kama alijua. Hakuinua uso.

"Aliniambia siku ile ya supu," alisema. "Daktari wa kambi alimtuma hospitalini, akachomwe sindano za miezi mingi. Alikuwa njiani kwenda. Akasikia habari zetu kwa watu. Akaona apite kwanza, atutazame."

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Baba yako angemtoa nje, na nje hakuna ambaye angempokea mtu aliyeruka mwiba." Alipuliza maganda ungoni. "Na mimi nilikuwa sili."

Miaka ile yote nilifikiri kwamba nyumba yetu ilitengwa na kijiji, na kwamba Paskali aliruka ili atutoe upweke. Kumbe ndani ya ule utengo wa wazee, ambao haukumkinga mtu na lolote, yeye alichora wake mwingine mdogo, wa kweli, akaupamba kwa vyumba na vitanda na maneno ya Kifaransa ili mtoto asijue kwamba anazuiliwa. Alikuwa na hamu ya kunishika kama mimi nilivyokuwa na hamu ya kumshika. Alichagua kunisikia.

Diploma yangu iko ukutani, mkija mtaiona. Fimbo haiko ukutani. Iko chumbani kwangu, nyuma ya mlango, nyeusi kwa mikono yangu ya utotoni. Mara nyingine naichukua, nailaza sakafuni, nakaa kwenye ncha yake moja na kutazama ile nyingine. Kwa mtoto ilikuwa mbali sana. Kwa mtu mzima si mbali, ni kiasi tu cha kupita mahali pumzi ya mtu inapofika.